Nimemtungia Marehemu Mume Wangu Meseji, na Mama Yake Ameanza Kuzikumbuka

Admin, jina langu lifiche, ila ukali wangu usiupunguze. Mimi ni Mkenya, mjane wa miaka arobaini na tisa, naishi Ggaba hapa Kampala. Kazi yangu ni kuandika makala za kugombana: na wanasiasa, na wahubiri, na wanaume wanaofundisha wake za watu ndoa mitandaoni. Nimewaita watu waongo hadharani miaka mingi na sijawahi kumwomba hata mmoja radhi. Leo naandika kuomba ushauri.

Mume wangu alikuwa askari wa hapa Uganda, mtu wa kaskazini. Alipangiwa vituo vya mbali, mtandao wa kubahatisha, kwa hiyo ndoa yetu iliishi kwenye meseji. Aliandika Kiswahili cha kambini: "Mama watoto, mvua imenyesha mpaka viatu nalala nayo." Alipofariki, simu yangu nayo ilikuwa inakata roho. Fundi akanitolea meseji zake zote, zikawa faili moja kwenye kompyuta. Simu yenyewe akaivunja spea.

Kwao msiba haujafungwa mpaka ukoo ukutane kwa sherehe ya mwisho. Mama mkwe, ambaye naye aliolewa na askari na kuzeekea kambini, aliniambia, "Siku hiyo wewe utasoma maneno yake. Macho yangu imekufa, lakini masikio iko."

Faili lilikuwa limejaa matangazo ya kampuni ya simu, yamechanganyika na maneno ya mume wangu. Sikutaka kuyafuta kwa mkono. Najua Python, lugha ya kuiamrisha kompyuta; nilijifundisha ili nipekue hotuba za wakubwa na kuwaumbua kwa maneno yao wenyewe. Unaieleza kompyuta sura ya maneno unayoyataka, nayo inayanasa popote yalipo. Basi nikaiambia: anzia kwenye neno linalofungua tangazo, chukua chochote kinachofuata, ishia kwenye neno linalolifunga, futa. Mahali pa "chochote" niliweka nukta na nyota, na nikairuhusu ivuke mistari.

Wanaojua kazi hii tayari wameshika vichwa. Nukta na nyota ni walafi. Hawakusimama mwisho wa tangazo la kwanza. Walikwenda mpaka mwisho wa tangazo la mwisho kabisa, na kila kilichokuwa katikati, ndoa yetu nzima, kompyuta ikakihesabu kuwa ni tangazo moja, ikakifuta. Kisha ikahifadhi kilichobaki juu ya faili lilelile. Mnaojiandaa kuniuliza kwa nini sikuweka nakala, pumzisheni vidole vyenu. Swali hilo nalala nalo.

Zilibaki meseji mbili, moja ya juu kabisa na moja ya chini kabisa. Ya kwanza: "Umefika?" Ya pili: "Usinisubiri na chakula, nitachelewa."

Mdogo wa marehemu, polisi, alipokuja nikamweleza. Akacheka. "Shemeji, si we ni mwandishi? Unaandikia gazeti, unashindwa kuandikia marehemu?"

"Huo ni uongo."

"Uongo ni ya serikali. Hii ni ya mama."

Nilimfukuza. Halafu nikakaa mezani nikaandika moja. Nikashindwa kuacha. Zilikuja na makosa yake, na utani wake, na ile tabia yake ya kuaga mara mbili. Nilipokuwa nikiandika, chumba kilinuka dawa ya viatu, na nyumbani kwangu hakuna dawa ya viatu tangu tumzike. Sasa nikilisoma faili, siwezi kutenganisha niliyoyakumbuka na niliyoyabuni.

Nikampigia mama mkwe, nikamsomea moja kwa kujaribu: eti ng'ombe ameingia paredi, na afande, akiwa bado na usingizi, amempigia saluti. Ng'ombe huyo nilimbuni mimi. Mama alicheka mpaka akalia.

Wiki iliyopita akanipigia mwenyewe. "Ile ya ng'ombe, mtoto yangu alinieleza hata mimi. Ile likizo ya mwisho. Amekaa hapa kwa mlango, anakula muhogo, anacheka mpaka anapaliwa."

Ile likizo naijua, mama mwenyewe amenisimulia tangu msiba: mwanawe alikaa hapo mlangoni kutwa nzima bila kusema kitu, anamtengenezea redio, na ilipoanza kuimba akaegemea goti la mama akalala.

"Mama, una uhakika?"

"Mimi nasahau mtoto yangu?"

"Na ile redio aliyokutengenezea?"

"Redio gani?"

Sherehe ni mwezi ujao. Ukoo umeshaalikwa, na mama anamwambia kila anayepita kwamba mkamwana wake atasoma. Nikisimama nikasoma, sijui ni nini kingine kitamezwa ndani ya kichwa cha yule mama, na safari hii mlaji ni mimi. Nikisema ukweli, ng'ombe ataondoka na redio huenda isirudi, na nitamwacha mzee kipofu mlangoni peke yake.

Wahubiri na washauri wa ndoa, nyie kaeni pembeni. Nawauliza waliowahi kuzika: nisome, au nikamnyang'anye mama ng'ombe wake?