Neema Anahamia Mikumi kwa Mchumba Wangu, na Muhuri Ninao Mimi

Habari zenu ndugu zangu wa ukurasa huu. Admin, jina langu lifiche sana, maana hata huku kijijini siku mtandao ukishika wanasoma. Nina miaka 27, nafundisha Kiswahili sekondari moja ya ndani huku Kilosa, mbele ya kijiji cha Ulaya, ambako masika bodaboda anakushusha njiani umalizie kwa miguu, begi kichwani. Walimu tuko wanne tu. Ukimaliza mwaka mmoja hapa wewe ni mkongwe, ndiyo maana mkuu alipokwenda Morogoro kutibiwa aliniachia mimi ofisi na muhuri wa shule.

Naishi na Neema, mwalimu wa fizikia. Tuliripoti pamoja, tumeugua malaria pamoja. Mtoto wake mdogo analelewa na bibi yake Mikumi. Likizo iliyopita mtoto alimwita shangazi, Neema akarudi huku analia. Nilimbembeleza kwa moyo mweupe kabisa.

Sasa, mchumba wangu naye anafundisha Mikumi. Ameshajitambulisha kwetu. Tulikubaliana anitafutie mwalimu wa kubadilishana naye kituo, nimfuate. Wiki iliyopita Neema akaniletea barua yake ya uhamisho niigonge muhuri. Kapata wa kubadilishana naye. Shule gani? Ya mchumba wangu! Nani kamtafutia? Mchumba wangu!

Nikapanda mlimani kwenye mtandao, nikampigia.

"Fizikia kwa fizikia, mama, ilikuwa rahisi," akasema. "Wa Kiswahili bado namtafuta. Na chumba nimeshamwombea kwa mwenye nyumba wangu."

"Chumba kipi?"

"Kile cha jirani yangu."

Jamani, wivu ulinikaba. Neema ni mzuri, anajua kucheka na watu, na hana mume. Mimi nibaki huku na popo wa darini, yeye akaanike kanga kwenye kamba moja na mashati ya mchumba wangu? Nikamdanganya Neema kwamba mkuu kaondoka na muhuri. Nikaufukia kwenye ndoo ya unga, kwa sababu wiki hii zamu ya kupika ni yangu.

Jana jioni nikapanda tena mlimani kugombana na mchumba wangu, nikachelewa kurudi. Neema akanionea huruma, akanipikia. Nilikuta ugali mezani. Muhuri alikuwa ameufuta unga vizuri, ameuweka kando ya sahani yangu, juu ya ile barua.

"Karibu chakula, mwenzangu, kisipoe," akasema.

Barua inatakiwa ofisi za wilaya Ijumaa. Nikiigonga, namsogeza kwa mkono wangu mwenyewe hadi mlangoni kwa mchumba wangu. Nisipoigonga, yule mtoto ataendelea kumwita mama yake shangazi, na kosa litakuwa langu. Nitukaneni mkitaka, ila nishaurini pia: nifanye nini na muhuri huu?