Mmea Aliomwachia Dolphine

Katika ofisi ile ya wapima ardhi mjini Homa Bay, mtu aliyeujua mmea wa mapokezi alikuwa mmoja tu, Bathsheba, mwanamke aliyefagia na kupika chai. Majani yake yalisimama wima kama mapanga, marefu kufika kifuani, na wateja wengi waliyabonyeza kwanza wakidhani ni plastiki. Aliyeuleta alikuwa mzee mwenye ofisi. Siku alipostaafu na kumwachia mwanawe Clifford kiti, alimwita Bathsheba pembeni.

"Mama Orpah, huu usiumwagilie kama sukuma wiki. Uache uone kiu."

Basi kwa miaka minane Bathsheba aliuacha uone kiu. Kila Jumatatu alitia kidole kwenye udongo. Kikitoka na unyevu, aliondoka zake. Kikitoka kikavu kabisa, aliupa kikombe kimoja. Msimu wa mvua, hata mwezi mzima uliweza kupita bila kuupa tone. Vumbi la barabarani aliliondoa kwa kitambaa kibichi, jani baada ya jani, na kila baada ya muda akakigeuza chungu ili upande wa ukutani nao upate mwanga.

Rafiki yake pale kazini alikuwa Dolphine, msichana wa mapokezi. Saa ya chakula walikaa jikoni pamoja, Dolphine na omena wake wa kukaanga, Bathsheba na ndizi za kupika. Mume wa Dolphine alipomfungia mlango, ni kwa Bathsheba, mtaa wa Shauri Yako, alikolala mwezi mmoja na nusu, kitanda kimoja na Orpah, binti wa Bathsheba. Hakuombwa hata sabuni.

Mwaka huu, mwezi wa pili, Clifford alisema anafungua tawi Migori na anataka mtu wa kulisimamia. Alimwambia Bathsheba uso kwa uso kwamba anamfikiria yeye. Bathsheba nusura amwage chai. Mamake mzee alikuwa peke yake Awendo, katikati ya miwa, na kutoka Migori angeweza kumfikia kila jioni. Habari hiyo hakumwambia mtu ila Dolphine.

Haikupita wiki mamake akateleza bafuni, akavunjika nyonga. Bathsheba akaomba likizo ya wiki mbili. Kabla ya kuondoka alimshika Dolphine mkono akamsimamisha mbele ya mmea.

"Nimeunywesha leo. Usiuguse mpaka nirudi. Hata ukiuonea huruma, usiuguse."

"Sawa, Mama Orpah. Nenda umwone mama."

Siku ya tatu, akiwa Awendo, alimtumia ujumbe wa sauti kumkumbusha. Dolphine akamjibu kwa sauti pia, akicheka: "Mmea uko sawa. Si umesema nisiuguse mpaka urudi? Sijaugusa."

Aliporudi, harufu ndiyo iliyomlaki mlangoni, kama ya maji ya maua yaliyokaa makaburini. Majani yalikuwa yamelala huku na huku. Alilivuta moja, likamfuata mkononi, shina lake laini kama ndizi iliyooza. Sahani ya chini ilijaa maji.

Dolphine alianza kulia kabla hajaulizwa. "Niliona jani moja linajikunja, nikadhani ni kiu. Nikaongeza. Likazidi, nikaongeza tena. Kila siku."

Bathsheba alimkumbatia. "Nyamaza, nyaminwa, dada yangu. Ni mmea tu." Na alimaanisha. Alimpikia chai ya tangawizi akampelekea mezani.

Saa nne Clifford akamwita ofisini. Hakumwambia aketi.

"Dolphine ameniambia uliujaza maji ukaenda zako, na hukumwachia mtu maagizo. Mama Orpah, hicho ndicho kitu pekee cha baba kilichobaki hapa ndani kikiwa hai. Kama kimekushinda, tawi zima ningekuachiaje?"

Bathsheba alitoka hadi jikoni, akasimama mbele ya sinki, kisha akakumbuka simu. Akarudi, akaiweka juu ya meza ya Clifford na kubonyeza. Sauti ya Dolphine ikajaa chumbani, pamoja na kicheko chake.

Clifford alisikiliza mpaka mwisho. Alipangapanga karatasi zilizokuwa zimeshapangika.

"Barua ya Migori nilishampa Dolphine juzi," alisema. "Amesaini. Tafadhali, haya mambo yenu ya jikoni yaishie jikoni."

Dolphine alikuwa kwenye meza yake, macho kwenye kompyuta.

"Wewe ndiye mtu pekee niliyemwambia," Bathsheba alisema.

"Niliogopa, Mama Orpah. Alikuja akauliza kwa ukali, neno likatoka lenyewe."

"Na barua? Nayo ilijisaini yenyewe?"

Chai ya tangawizi ilikuwa mbele ya Dolphine, imefika nusu.

Clifford aliagiza mmea utupwe. Bathsheba aliubeba nyumbani kwa gunia. Aliyakata majani machache yaliyokuwa bado magumu, akayaacha kivulini siku nne mpaka vidonda vikakauka, kisha akayachomeka kwenye mchanga aliouchota ufukweni, ndani ya kopo la rangi dirishani. Mengi yalioza. Mawili yalishika, na mwezi wa saba kichipukizi kikatokea, kidogo kama ncha ya kalamu. Clifford aliposikia, alimwomba aurudishe mmea ofisini. Bathsheba alimwambia, kwa heshima zote, kwamba ule sasa ni wa nyumbani.

Kazi hakuiacha, nyonga ya mamake ilikuwa ingali inataka dawa. Lorine, msichana mpya wa mapokezi, humkaribisha kila siku wale pamoja, na Bathsheba hujibu kwamba ameshiba, kisha hula amesimama, mlango wa jikoni umefungwa.

Wiki iliyopita Dolphine alipiga simu kutoka Migori.

"Mama anaendeleaje?"

"Anatembea na mkongojo."

"Na wewe, nyaminwa?"

"Nina sufuria motoni, Dolphine," Bathsheba alisema, akakata. Kwenye jiko hakukuwa na kitu. Alikaa kitandani, simu mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili akalia.