Tulivyoikataa Rufaa ya Kaka

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni pale Majengo, na kwa kusoma na kuandika, nawaambieni, hapakuwa na mtu wa kunifikia kuanzia Moshi mjini mpaka kwenye theluji. Kwetu Kibosho barua zote zilipitia kwangu: za uchumba, za ugomvi, hata za ng'ombe kama wangekuwa na anwani. Kwa hiyo kaka yangu alipofungwa miaka saba, karatasi yake nayo ilipitia kwangu.

Alimkata jirani yetu mkono kwa panga, wakigombea zamu ya maji ya mfereji. Jirani ndiye aliyeanza. Alimpiga kaka kwa mpini wa jembe mpaka chini. Mama mmoja aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe aliona yote, ila mahakamani hakuitwa. Hakimu mwenyewe alisema, "Una haki ya kukata rufaa. Toa taarifa ndani ya siku kumi."

Siku ya tatu baba akachuma jani la isale, lile tunalopanda mipakani, akalifunga fundo, akampelekea jirani. Kwetu ukiletewa isale unasamehe, hata kama umeuawa. Jirani akalipokea kwa mkono uliobaki mzima, pombe ya mbege ikanywewa, wazee wale wawili wakalia kama mvua ya masika.

"Kesi imekwisha," baba akatangaza. "Rufaa ya nini tena? Tutakuwa tunamtukana mtu aliyekwisha kusamehe."

Nami msomi nikaona hiyo ni hoja. Nikateremka gerezani. Bwana jela akaleta karatasi, nikamsomea kaka kwa sauti ya mhubiri: kwamba yeye, kwa hiari yake, hakusudii kukata rufaa.

"Mdogo wangu, una hakika?"

"Kaka, mwenye mkono wake kasamehe! Jumapili uko kanisani, benchi la mbele."

Akacheka, akabonyeza dole gumba. Bwana jela alinitazama kidogo, kisha akafunga faili.

Jumapili ikapita, na nyingine, na nyingine. Tukaenda mahakamani watatu: baba, mimi, na jirani mwenyewe na bandeji yake.

"Shikamooni wazee," karani akasema, akatusikiliza mpaka mwisho. "Huyu ni shahidi tu. Aliyeshitaki ni Jamhuri."

"Basi tumpelekee Jamhuri isale," baba akasema. "Anakaa wapi?"

Karani hakucheka. Heri angecheka.

"Na rufaa?" nikauliza.

"Siku zimepita, ndugu. Mnaweza kuomba nje ya muda, lakini mtoe sababu. Na hapa kasema mwenyewe hataki."

Niliandika maombi ya kumtoa simba machozi. Yakakataliwa: sababu haitoshi. Nikaandika tena. Jibu likaja fupi zaidi.

Nikampelekea kaka nakala ya maombi ya tatu. Hakuipokea. Alikuwa amekonda, shingo imebaki mishipa.

"Ile karatasi ulinisomea yote?"

"Yote, kaka."

"Najua. Sasa usiniandikie tena. Kila ukiandika nakaa nautazama mlango, na kazi inanishinda. Mwambie mama nimezoea."

"Umezoea?"

"Mwambie hivyo."

Nikapanda mpaka nyumbani kwa miguu, nikamwambia mama amezoea. Mama akachukua panga, akaenda kukatia ng'ombe majani.