Glavu ya mama mkwe, na kopo la udongo lililotutoa jasho

Wakuu, salamu. Hii ni yangu mwenyewe, na bibi yangu yuko hapo jikoni, nikiongeza chumvi atanikana mchana kweupe.

Miaka ya tisini mwanzoni nilikuwa fundi wa redio Kitale. Mama mkwe wangu kule Kabuchai, Bungoma, alikuwa na sukari. Mkono wa kulia ulikufa ganzi. Anashika sufuria ya moto, hajui mpaka anuse ngozi yake ikiungua. Bana!

Nikasema nitamtengenezea glavu ya kuhisi. Sweta kuukuu, foili za pakiti za sigara, waya za redio mbovu, betri mbili na kile kidude cha mlio cha saa ya mezani. Ukigusa kitu foili zinakutana, inalia. Vitu vya kuokota tu.

Shida ni vipimo. Na sisi Wabukusu hatumshiki mama mkwe mkono. Hata salamu ni ya mbali, macho chini.

Kwa ujanja wangu nikapima mkono wa bibi. Si ni mtoto wake? Nikashona, nikatuma. Ikarudi: haimkai.

Nikatuma kopo la udongo laini, mama akandamize kiganja. Kopo likarudi. Bibi akafungua, akapiga nduru.

Vidole vitatu!

Nikamwambia, "Ah, amekandamiza vibaya."

Wapi! Tulipofika Kabuchai, bibi akafunua leso aliyojifunika mama mkononi. Viwili havikuwepo. Viliungua, vikaoza, vikakatwa. Krismasi iliyopita tulikula naye, mkono ukiwa ndani ya leso hiyo, na hatukujua.

"Mama, mbona hukusema?" bibi akamuuliza.

"Ningesema, ungeacha nyumba yako uje kunipikia."

Nikashona upya, ya vidole vitatu. Nikaipeleka mwenyewe, nikaiweka kwa stuli, nikarudi nyuma vile inatakiwa. Akavaa. Akagusa kikombe, ikalia. Sufuria, ikalia. Wazee waliokuja kutazama wakacheka.

Halafu akanijia moja kwa moja, akanishika mkono. Mbele ya wazee! Kicheko kikakatika. Glavu inalia, yeye haachilii.

"Sasa najua nimekushika," akasema.

Mimi nililia kama mtoto, sioni haya kusema.

Nilichojifunza: ile heshima yangu ya kuangalia chini ndiyo ilimsaidia kuficha. Mama alituacha miaka mingi baadaye, na vile vidole vitatu alienda navyo vyote.

Haya, nyinyi mliangalia mikono ya wazazi wenu lini mara ya mwisho? Semeni ukweli hapa.