Nyumbu wa Dharura

Chanzo cha yote ni mdomo wa kaka yangu.

Mama yetu anaishi peke yake Sidab, kijiji cha wavuvi kando ya Maskati, Oman, katika nyumba iliyokaa juu ya mwamba, na kuifikia lazima upande ngazi za mawe ambazo hata paka wa mtaani huzipanda kwa kupumzika. Mwaka juzi aliteleza kwenye ngazi hizo akiwa na beseni la samaki. Samaki walifika chini kabla yake, naye akachubuka goti tu, lakini kaka alishapata sababu. Akamtengenezea chumba ghorofani kwake mtaa wa Azaiba, mjini: akakipaka rangi, akatia kiyoyozi kipya, akanunua kitanda kinachopanda na kushuka kwa umeme. Mama alikwenda kukitazama. Alibonyeza kikapanda, akabonyeza kikashuka, akawaombea dua wote waliokibeba, kisha akataka arejeshwe kwake.

"Nikihamia huku n'takaa dirishani nitazame magari mpaka Izraili anijie," aliniambia garini. "Na kule kwangu nani atafungua madirisha?"

Basi Ijumaa moja tumeshakula kwa Mama, tumejilaza mbele ya televisheni, kikatokea kipindi cha milima ya Andes, huko Peru. Watu wanatembea kwa miguu siku kadhaa, wanapita vijijini, wanalala kwenye mahema, mwisho wanafika kwenye magofu ya mji wa mawe walioujenga Wainka. Njia nzima ni ngazi. Kaka alikuwa anachokonoa meno.

"Haya Mama, nenda kapande zile," akasema. "Ukirudi hujabebwa, wallahi sitaji tena habari ya kuhama. Lakini atakayebebwa, hata hatua moja, anahamia Azaiba. Khalas."

Tukacheka sote, isipokuwa Mama. Yeye aliuliza pasipoti yake iko wapi.

Mdomo uliponza kichwa. Kaka alijaribu kusema ni mzaha, akajibiwa kwamba mwanamume hali matapishi yake. Kuanzia hapo Mama akawa anatoka kila baada ya alfajiri, abaya kaipandisha, kanga kaifunga kiunoni, raba nyeupe miguuni, anapanda vilima kwa miguu kuelekea kijiji cha Qantab. Wavuvi wa huko wakazoea kumwekea kahawa. Mimi nikateuliwa kumsindikiza Peru, kwa sababu sina mume wala watoto, na ofisini kwetu nikiondoka mwezi mzima watu hudhani nimekwenda msalani.

Kaka alinivuta pembeni. "Wewe ndiye shahidi. Ukimwona juu ya kitu chochote chenye miguu minne, piga picha uniletee."

Nami, nasema kweli, nilikuwa upande wa kaka. Nilikuwa naziogopa ngazi zile za Sidab. Simu ya Mama ikilia mapema asubuhi, moyo wangu ulikuwa unaanguka kabla sijaipokea.

Kiongozi wetu huko milimani alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mcheshi, anayejua Kiingereza, kwa hiyo mimi nikawa mkalimani. Alikuja na mwenye nyumbu, wale wanyama wanaozaliwa na punda na farasi, wabebe mahema na vyakula. Nyumbu mmoja hakupakiwa chochote. Alikuwa na tandiko tupu lenye mto mwekundu. Kiongozi akaeleza kwamba huyo ni wa dharura, mgeni akizidiwa hupandishwa yeye. Nikamtafsiria Mama. Mama akamtazama nyumbu, nyumbu akamtazama Mama.

"Mwambie," akasema Mama, "mimi na huyu hatutojuana."

Tukaanza kupanda. Mama alitangulia na mwavuli wake. Mimi nilifuata nikitweta, nyuma yangu nyumbu akinipumulia shingoni kana kwamba ameshajua nani atakuwa mteja wake. Tulikutana na lama, mnyama mwenye shingo ndefu na manyoya mengi, kasimama katikati ya njia. Mama alimkagua kote. "Maskini, ngamia huyu hawakumlisha," akasema, na lama akatema mate, yakanipata mimi.

Vijijini Mama aliingia kama anayeingia nyumba za jirani zake. "Asalaam alaykum, hamjambo humu?" Wanawake wakamjibu kwa lugha yao, yeye akaendelea kwa Kiswahili, wao wakaendelea kwa yao, mikono wameshikana, wanatikisa vichwa. Kiongozi aliniuliza wanazungumza nini. Nikamwambia nilikuwa nangoja yeye anieleze.

"Yule mwenye kofia ana mkwe mkorofi," Mama aliniarifu tulipotoka. Kiongozi, nilipomuuliza, alishangaa mno. Ilikuwa kweli.

Kijiji cha mwisho kabla ya kilele walituandalia chakula cha heshima. Walichimba shimo, wakapasha mawe moto, wakapanga chakula humo, wakafukia kwa majani na udongo. Mama karibu aruke. "Hii shuwa hii! Shuwa ya Idi!" Na kweli, hivyo hivyo ndivyo tunavyofukia nyama kwetu Oman sikukuu ikifika. Kwa kuwa hatuli nyama isiyochinjwa Kiislamu, kiongozi alituombea shimo letu peke yetu: viazi vya rangi ambazo sijapata kuziona kwenye kiazi, mahindi na maharage makubwa. Harufu ilipotoka, tumbo langu lilinguruma mpaka kiongozi akageuka.

Mwenye nyumba akaniletea sahani imejaa.

Sasa, mimi nimelelewa. Kwetu chakula cha mtu hakipokewi mara ya kwanza. Unasema ahsante, nimeshiba. Mwenyeji anasema haiwezekani. Unaapa kuwa umeshiba. Mwenyeji anatishia kununa. Mara ya tatu ndipo unapokwenda kunawa mikono, kama mtu aliyeshindwa nguvu. Mama alinifunza haya utotoni kwa kunifinya paja chini ya meza. Basi nikaweka mkono kifuani, nikatabasamu, nikasema nimeshiba.

Yule mwenye nyumba akainamisha kichwa kwa heshima, akaondoka na sahani.

Nikamngoja arudi. Sahani alimpa mwenye nyumbu, ambaye aliila yote huku akinitazama kwa shukrani. Jioni ikaja supu, nikaweka mkono kifuani, supu ikaondoka. Asubuhi ukaja uji, nao ukaenda. Nadhani walishaambiana kuwa mgeni huyu yuko kwenye nadhiri.

Na Mama? Mama ni mzee, hakusubiriwa kusema kitu, aliwekewa bakuli mkononi. Alipotosheka akalitikisa, kama sisi tunavyotikisa kikombe cha kahawa kumwambia mwenyeji basi. Wao wakaona mgeni anataka tena. Wakamjazia. Akanywa kwa adabu, akatikisa. Wakamjazia. Adabu ile ile ilimshindilia yeye chakula ikaniacha mimi na njaa.

Karibu na kilele, hewa nyembamba, niliketi juu ya jiwe nipumzike kidogo tu. Milima ikaanza kuzunguka. Nilipofumbua macho niliona masikio mawili marefu mbele yangu, na chini yangu mto mwekundu. Mama alikuwa anatembea kando, mkono mmoja kanishika mguu, mkono wa pili ana simu yangu.

"Tabasamu," akasema. "Nampelekea kaka'ko."

Kisha sauti ikabadilika. "Umekula nini wewe?"

"Sijala tangu jana."

"Kwa nini?"

"Hawakunibembeleza, Mama."

Mama alicheka mpaka akaushika mkia wa nyumbu asianguke. Halafu akakasirika ghafla, macho yamejaa machozi. "Nilikufunza adabu, sikukufunza kufa!" Akatoa kopo la halua alilobeba tangu Maskati, akanilisha kwa mkono wake, tonge baada ya tonge, nami nimekaa juu ya nyumbu na miaka yangu arubaini na kitu.

Tukafika kwenye magofu. Nyumba za mawe zimepangana mlimani, kuta zimesimama, paa hakuna. Mama aliingia moja baada ya nyingine, akitafuta jiko lilikuwa wapi, maji yaliingilia wapi. Akarudi kwa kiongozi.

"Muulize, wenyewe wako wapi?"

Kiongozi akasema hakuna ajuaye hasa. Walihama.

"Watoto wao waliwapakia rangi chumba," akasema Mama.

Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Alipitisha kiganja kwenye ukingo wa dirisha, akapangusa vumbi la nyumba isiyo yake, akasimama pale akitazama nje. Moyo uliniuma. Hapo ndipo nilipoacha kuwa upande wa kaka.

Tuliporudi, Ijumaa tulikula Azaiba. Kaka alishaipata picha na hakuwa na raha.

"Kauli yako ilikuwaje, mwanangu?" Mama akamuuliza. "Si atakayebebwa ndiye anayehama?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi kapatikana."

Nyuso zote zikanigeukia. Watoto wa kaka wakashangilia, wakataka kuniendeshea kitanda. Nikasema sawa, sheria ni sheria, mimi si wa kuachwa peke yangu, lakini pa kuhamia nitachagua mwenyewe. Mama akajitia anatafuta kijiko.

Magharibi hiyo hiyo nilipanda ngazi za Sidab na sanduku langu. Nusu ya njia nikakaa chini.

"Nikuitie nyumbu?" Mama akauliza kutoka juu.

Chumba changu cha zamani kilikuwa kimefunguliwa madirisha, kitanda kimetandikwa shuka lililopigwa pasi. Lazima alikitayarisha asubuhi, kabla hata hatujaenda kula, kabla sijasema neno. Alikuwa amenipa mgongo, anasugua sufuria ambayo haikuwa chafu.

"Umekula?" akauliza.

Kwa kaka nilikula mpaka wali ukafika kooni.

"Bado," nikasema, nikaenda kunawa mikono.