Butoni Upande wa Mama

Ukiwa Kasongo na taa ya pikipiki yako inaangaza kama jicho ya mutu mwenye usingizi, kila mutu atakuonyesha kwa Dieudonnée. Iko na kibanda ya mabati pembeni ya soko, meza moja, fer ya kusude, ile chuma ya moto ya kuunganisha waya, na sanduku imejaa maradio yenye kufa. Hakufundishwa na mutu. Akiwa na miaka kumi na mbili alifungua radio ya baba yake, akachapwa, akaifunga, ikaimba vizuri kupita mbele. Kuanzia hapo ni yeye na waya, waya na yeye.

Lakini kwa miaka mbili watu walikuwa wanamucheka, na mwenye aliwapa kicheko ile ni Clovis.

Clovis alikuwa shofere wa Mama Léocadie, yule mama mwenye kupeleka chumvi na sabuni Kabambare mpaka Salamabila, halafu anarudi na muchele na mawese. Mbele ya gari ya mama, Clovis alipachika taa ndefu ya LED, ile kali mpaka ukiweka mukono mbele yake unadhani utaona mifupa. Alikuwa haizimi kwa mutu yeyote. Siku moja, giza ikianza kuingia, Dieudonnée alikuwa anatoka Kabambare, amepanda nyuma ya pikipiki ya motari mmoja, Octave. Wanafika kwenye daraja ya mbao, gari ya mama ikawatokea mbele, Clovis peke yake ndani, mwangaza yote mu macho. Octave hakuona tena mbao ziko wapi. Pikipiki ikaenda mu maji, wao wawili juu ya mawe. Mguu ya Dieudonnée ikavunjika mahali pawili. Clovis akapiga honi, akapita.

Mguu, sawa, mguu inapona, hata kama inapona upande. Kitu chenye hakikupona ni maneno. Mbele ya wazee wa kartie, wale wa mutaa wetu, Mama Léocadie mwenyewe amekaa hapo, Clovis alisema: "Ningewaona namna gani? Pikipiki yao haikukuwa na taa hata moja."

Fundi wa taa anatembea bila taa. Unasikia aibu ile? Ni kama mama wa mandazi kukutwa anaomba mandazi kwa jirani. Octave alikuwa amekwenda kuchimba dhahabu Salamabila, hakukuwa mutu wa kusema kinyume. Watu wakaanza kupeleka pikipiki zao kwengine. Wakipita mbele ya kibanda, wanamuita Mama Giza.

Na taa ya pikipiki ya Octave alikuwa ameifunga yeye, na mikono yake, asubuhi ya safari. Alitaka kitu kimoja tu: Clovis aseme kwa mudomo wake kwamba aliiona. Kila akishuka kitandani na ule mguu, alikuwa anawaza namna ya kumutoa neno ile, na kama haitoki, basi namna ya kumutoa machozi.

Mwaka huu bahati ikakuja yenyewe. Motari wa barabara ile wakachoka, wakalaza muti mbele ya daraja: gari ya Mama Léocadie haivuki tena mpaka taa yake iweze kupungua. Mafundi wengine wakajaribu. Mmoja alifunga resista, ikapata moto mpaka plastiki ikayeyuka, gari yote ikanuka. Mwisho mama akakuja kwenye kibanda ya mabati.

"Ma Dieudonnée, unaweza kufanya taa yangu ishuke na kupanda?"

"Kama sauti ya radio, mama."

"Na hautanilipizia mambo ya zamani?"

"Mama, mimi nafunga waya tu."

Mudomo ulisema vile. Moyo ulikuwa unacheza ngoma.

Alitoa butoni ya sauti mu radio moja ya zamani. Butoni ndogo vile haiwezi kubeba nguvu ya taa kubwa. Ukipitisha kura, ule umeme wote wa batri, ndani yake, itakubali kwanza, halafu itaungua, na taa itakufa njiani. Ndiyo alitaka: Clovis abaki kipofu katikati ya barabara, kama walivyobaki wao. Akasude mpaka waya ya mwisho, anaimba. Halafu akakumbuka kwamba Mama Léocadie anakaa mbele mu gari ile ile. Na mubaya zaidi, taa ikikufa watu watasema: si tulisema, Mama Giza. Clovis atacheka mara ya pili. Akang'oa yote.

Akaanza upya, safari hii kazi ya kweli. Akatafuta transista kubwa, akaifunga juu ya kipande ya sufuria ya aluminiamu ipate kupoa, na plaketi, kibao ndogo ya kuiongoza. Transista ile inakata kura na kuirudisha mbio sana, mpaka macho hayajui, yanaona tu mwangaza imepungua. Karibu na batri akaweka fizibu ya kukata kura hatari ikikuja.

"Na butoni inabeba nini?" mama akauliza.

"Hakuna. Butoni iko kama chefu wa kijiji. Anasema 'beba', wengine ndio wanatoka jasho."

Mama akacheka mpaka akashika mulango. Halafu Dieudonnée akavuta waya ndefu chini ya tapi, ile zulia ya gari, akapitisha mbele ya usukani, akaipeleka mpaka upande wa abiria. Clovis alikuwa anaangalia, mikono mu mifuko.

"Wee fundi, shofere anakaa huku."

"Najua."

"Sasa butoni inatafuta nini kule?"

"Papa Clovis, wewe shika usukani na mikono mbili. Mama atashika mwangaza."

"Wazo nzuri," mama akasema. "Wewe ukiishika, haushushi."

Jioni wakaenda kujaribu, watatu mbele, Dieudonnée katikati. Pikipiki ikitokea, mama anazungusha, taa inashuka, motari anainua mukono: aksanti mama. Mama alifurahia kama mutoto na kitu mupya. Clovis alikuwa anavimba.

"Mama, ongeza kidogo."

"Ngoja, namaliza karanga."

"Mama, naomba uongeze."

Walikuwa wamefika juu ya kilima, daraja iko chini kule. Dieudonnée akaona saa yake imefika.

"Mwangaza huu unatosha mutu mwenye macho mazima," akasema polepole. "Lakini ya papa Clovis, nasikia imezeeka."

"Yangu?"

"Ni watu wanasema. Eti hauoni hata pikipiki kwa mita kumi, ndiyo sababu unapenda taa kali. Pole, baba."

"Nani anasema? Mimi naona kanga ikivuka kule ng'ambo. Hata nyinyi siku ile niliwaona toka hapa juu. Ka-taa kenu keupe, kalikuwa kanatetema kule chini, bado hamujafika kwenye daraja. Eti macho yangu..."

Akajiuma ulimi. Lakini neno imekwisha kutoka, hairudi mu mudomo.

Mama Léocadie akazungusha butoni mpaka chini kabisa.

"Rudia, Clovis."

"Mama, nilikuwa nasema tu."

"Uliona taa yao."

"Niliiona."

"Na yako haukushusha."

"Ilikuwa haishuki, mama."

"Ilikuwa inazimika."

Wakarudi Kasongo na taa ile ndogo, gari inatembea kama kinyonga, pikipiki zote zinawapita. Dieudonnée alikuwa anakula karanga za mama, utamu wake haujawahi kuonekana.

Kesho yake, mbele ya wazee wale wale, Clovis akasema yote, kichwa chini. Mama akamunyanganya usukani. Sasa Clovis anapanda nyuma juu ya magunia ya chumvi, vumbi yote ya Kabambare inamuingia mu pua. Pikipiki zimerudi kwenye kibanda ya mabati, zinapangana toka mulango mpaka kwa jirani.

Wiki iliyopita Clovis alikuja pale na kuku mu mukono.

"Yaya, dada yangu, nisemee kwa mama anirudishie usukani. Nimekaa nyuma mwezi muzima."

Dieudonnée hakuinua macho toka kwa fer yake.

"Mwezi muzima?"

"Muzima, yaya."

"Mimi nililala miezi saba. Basi urudi kisha miezi sita."

Clovis akageuka kwenda.

"Kuku uiache," Dieudonnée akasema. "Naona iko nono."