Ministre na Kikohozi cha Matanga

Harufu ya majani ya mikaratusi yakichemka sufuriani hunirudisha moja kwa moja Nyalukemba, mtaa wetu wa Bukavu, kwenye ua wetu ulioinamia ziwa kiasi kwamba mpira ukikuponyoka, umekwenda. Watu wengine harufu hiyo huwakumbusha mafua yao wenyewe. Mimi hunikumbusha mafua ya mbwa. Msicheke bado, ngojeni niwasimulie.

Mbwa wetu aliitwa Ministre, yaani Waziri. Papa, baba yangu, ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu tangu akiwa mdogo alikuwa na kitambi, alipenda kulala mchana, na hakuna aliyewahi kumwona akifanya kazi. Manyoya yake yalikuwa na rangi ya uji wa ulezi, sikio moja limesimama na jingine limelala. Koko, yaani bibi yangu mzaa baba, alikuwa ametoka Luhwindja kuja kuishi nasi baada ya kufiwa na mumewe, na tangu siku ya kwanza alitangaza kwamba yeye na mbwa hawana undugu. "Imbwa ni ya inje," alisema, "mutu ni wa ndani." Lakini kila alipokwenda misa, sokoni au kuzungumza kwa watu, Ministre alikuwa nyuma yake, na sikumbuki hata mara moja aliyomfukuza.

Ndivyo walivyokwenda pamoja kwenye matanga ya shemeji yake Koko, upande wa juu wa mtaa. Kwetu matanga si jambo la saa mbili tatu. Watu hulala hapo siku kadhaa chini ya turubai, ng'ombe huchinjwa, nyimbo za kanisa huimbwa mpaka sauti zinakauka, na mbwa wa mtaa mzima, kila mmoja amemfuata bwana wake, hukusanyika nyuma ya masufuria wakingoja mifupa. Ministre alikaa huko na Koko mpaka matanga yalipoondolewa. Alirudi tumbo limejaa, akitembea polepole kama mtu aliyetoka kwenye mkutano mkubwa.

Siku chache baadaye akaanza kukohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, cha kukwaruza, mfano wa mtu anayeburuta kitanda cha chuma juu ya sementi. Alikuwa akinyoosha shingo, anakohoa mfululizo, kisha anajikunja kama anayetaka kutapika, na kinachotoka ni povu jeupe tu. Akimaliza alitutazama mmoja mmoja na kutikisa mkia, kana kwamba anaomba radhi kwa kelele. Pua yake ilikuwa ikichuruzika maji. Chakula alikula, maji alikunywa, na jina lake aliliitikia.

Koko hakuhitaji daktari ili kujua tatizo. Mbwa ametoka kwenye matanga, kwenye matanga kulikuwa na mifupa, basi mfupa umemkaa kooni. Nani angebisha? Alimkalia Ministre kama anavyokaliwa mbuzi, akamfungua kinywa, akaingiza mkono mpaka karibu na kifundo, akapapasa. Hakupata mfupa. Akasema umeteremka, sasa unahitaji kusukumwa.

Kila mtoto wa Bukavu aliyewahi kukwamwa na mwiba wa samaki anaijua dawa yake: unafinyangiwa tonge kubwa la bugali, unalimeza bila kutafuna, na tonge linaondoka na mwiba. Koko alimfinyangia Ministre matonge matatu. Nilipomuuliza kama mbwa naye anatibiwa hivyo, alinijibu, "Mgonjwa haulizwi uji," akaendelea kusukuma. Ministre alimeza mawili, la tatu likamfanya akohoe mpaka machozi yakamtoka, na mimi pia.

Bugali iliposhindwa, ikaja zamu ya mikaratusi. Koko alichemsha majani, akaweka sufuria chini, akajifunika blanketi yeye na mbwa, kama alivyokuwa akitufanyia sisi tukishikwa na mafua. Tulisikia kikohozi cha mbwa, kisha kikohozi cha Koko, kisha blanketi likainuka na kukimbia lenyewe uani. Ministre alijivua blanketi hilo karibu na ua wa jirani, na hapo, mbele ya macho ya Maman Neema aliyekuwa akianika nguo, akajikunja na kutema povu.

Maman Neema alitupa beseni. "Rage! Ile imbwa iko na rage! Batoto bote baingie mu nyumba!"

Rage ni kichaa cha mbwa, na neno hilo kwetu halisemwi kwa mzaha. Hakuna ambaye hakumjua mtu aliyemjua mtu aliyekufa nayo. Wahenga walisema ukitaka kumwua mbwa mpe jina baya, na kabla ya jioni jina lilikuwa limeshuka barabara nzima. Shefu wa avenyu, yaani kiongozi wa barabara yetu, mzee mnene mwenye mwavuli, alikuja na vijana wawili wenye fimbo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wajukuu waliocheza nyuma ya nyumba yetu.

Papa alikuwa ndiyo kwanza ametoka kwenye karakana yake ya useremala, mavumbi ya mbao bado kichwani. Alimsikiliza shefu mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ile ile anayosemea bei ya meza:

"Shefu, munipatie mpaka kesho kutwa. Nitatafuta mutu mwenye anajua. Kama iko rage, nitaiua mimi mwenyewe."

Nitaiua mimi mwenyewe. Nililisikia neno hilo kwa masikio yangu, nikiwa nimesimama nyuma ya Koko na kushika kitenge chake, na kitu fulani ndani yangu kikamfungia Papa mlango.

Aliyofanya baada ya hapo yakazidisha. Alimfunga Ministre kamba shingoni, akamburuta mpaka mwisho wa kiwanja, penye banda la kuku lililoachwa, akamfunga hapo peke yake. Akatukataza sote kumgusa. Akamuuliza Koko kama alikuwa amemtia mkono kinywani, na Koko alipokiri, akamketisha juu ya kigoda na kuuosha mkono ule kwa sabuni na maji mengi, muda mrefu sana, akikagua kila kidole kama kina mikwaruzo. Niliona anamwaibisha mama yake kwa ajili ya mbwa. Usiku ule sikumuitikia aliposema lala salama.

Kesho yake Papa hakwenda karakanani. Alitoka mvua ikinyesha na kurudi jioni ameloa, bila kusema alikokuwa. Mimi na Koko tulikuwa tumekaa siku nzima tukimtazama Ministre kwa mbali, Koko na rozari yake, mimi na hasira zangu. Kila mbwa alipoivuta kamba ili atufikie, kikohozi kilimshika upya. Nililia sana. Koko naye alilia, ila alisema ni moshi, ingawa hapo hapakuwa na moto.

Siku ya pili Papa akatoka tena, na saa sita hivi akarudi na mwanamke kijana aliyevaa buti za mpira na kubeba mkoba mweusi. Nilipouona mkoba, nilifikiria sindano. Nilijua kuna sindano za kuponya na kuna sindano za kulaza wanyama wasiamke. Nadhani Koko alifikiri vile vile, maana alisimama katikati ya njia, mdogo kama alivyokuwa.

"Ile sindano ni ya nini?"

"Koko, sindano hata sijaitosha mu mukoba," alisema yule mwanamke. Alikuwa daktari wa mifugo, na Papa alikuwa amemfuata upande wa pili wa mji, akamkosa, akamfuata tena. "Niache kwanza nimuone."

Hakukimbilia kumshika. Alichuchumaa mbali kidogo, akamwita kwa jina, akatazama anavyosimama, anavyopumua, anavyotikisa mkia. Akauliza kama amemng'ata mtu, kama sauti yake imebadilika, kama anameza vizuri, kama alichanjwa. Papa akajibu kwamba alichanjwa mwaka uliopita, siku ile mbwa wote walipopelekwa uwanjani. Ndipo akasogea, akavaa glavu, akaangalia ufizi, akasikiliza kifua, akamwekea kipimajoto mahali ambapo sisi watoto hatukutegemea. Mwishoni akabonyeza kidogo tu chini ya koo kwa vidole viwili. Ministre akatoa kile kikohozi cha kitanda cha chuma.

"Aa," alisema daktari. "Siku hizi alikutana na imbwa zingine?"

Tulitazamana. Koko akasema kwa sauti ndogo, "Ku matanga. Zilikuwa mingi. Zilikuwa zinakula mifupa."

"Sawa. Haiko mufupa, Koko. Haiko kile alikula, ni benye alikula nabo. Ii ni kikohozi ya imbwa, kama vile mafua ya batoto ku masomo. Moja ikikohoa, bote banapata."

Penye wengi pana mengi. Nilimtazama Koko, Koko akamtazama Ministre, na Ministre akakohoa.

Daktari alitueleza polepole, na Koko akawa anaitikia kila neno kama yuko kwenye misa. Mbwa huyu apumzike, asikimbizwe. Asikaribiane na mbwa wengine mpaka kikohozi kiishe kabisa, kwa hiyo Papa amefanya vizuri kumtenga. Ila kamba itoke shingoni, maana kila ikivuta inalichokoza koo, afungwe kwa kitambaa kinachopita kifuani. Asilale tena jikoni karibu na mbabula, jiko letu la makaa, kwa kuwa moshi wake unamuumiza, alale pakavu pasipo na upepo. Maji safi yawepo daima, chakula kiwe laini na vuguvugu. Mvuke kidogo chumbani hauna ubaya, lakini asifunikwe blanketi na sufuria ya moto. Matonge ya bugali, hapana, mbwa anayekohoa anaweza kupaliwa.

Hapo Koko akafungua pindo la kitenge na kutoa kipande cha kidonge chake cha homa. "Na ii?"

"Hapana, Koko! Dawa ya mutu inaweza kuua imbwa." Kisha akaongeza kwa upole, "Na mukono usiingize tena mu kinywa. Imbwa ya rage nayo inaweza kuonekana sawa yenye mufupa mu koo. Ingekuwa ile, tungekuwa tunaongea ingine leo."

Koko aliutazama mkono wake kwa muda. Nikakumbuka sabuni, lakini sikutaka kukumbuka zaidi.

Daktari alitutajia dalili za hatari. Akikataa kula, akilegea, pua ikianza kutoa usaha, mbavu zikipanda na kushuka kwa nguvu, aitwe mbio, kwa sababu mafua yanaweza kushuka mapafuni. Kama hayo hayapo, kikohozi kitapita chenyewe katika wiki mbili hivi. Akazungumza pia na shefu, akamwambia mbwa abaki ametengwa na kuangaliwa, na kwamba yeye mwenyewe atapita tena. Nilimkumbatia daktari. Nilimkumbatia Koko. Papa alikuwa amesimama hapo, amemshikia daktari mwavuli, na mimi nikampita.

Koko alikata kitenge chake cha matanga, kizuri, akamshonea Ministre mkanda wa kifuani. Wiki hiyo hiyo Bijou, mbwa wa Maman Neema, naye akaanza kukohoa, kwani naye alikuwa amehudhuria matanga. Koko alivuka kwenda kumfundisha jirani mambo yote ya daktari, tena kwa ukali, kana kwamba aliyesukuma matonge alikuwa mtu mwingine. Maneno ya rage yakafa yenyewe.

Kikohozi kikapungua, kikawa cha asubuhi tu, kisha kikaisha. Daktari alipopita mara ya mwisho na kusema mbwa amepona, shefu akiwepo, Papa alishuka kwenda kumfungua. Ilikuwa Jumapili na alivaa shati jeupe. Mimi nilipiga magoti chini na kufungua mikono, nikijua atakuja kwangu, maana nani alikuwa amemlilia kunishinda? Ministre hakuja. Alimrukia Papa, miguu ya mbele yote miwili yenye matope kifuani, akamlamba kidevu, akazunguka, akamrukia tena. Papa alisema, "Angalia shati, weye," lakini hakumshusha. Niliona wivu mkali, nikasema moyoni kwamba hata mbwa wana ujinga wao.

Nilikuwa mtu mzima Maman, mama yangu mzazi, aliponiambia. Siku zile zote, tangu ile ya kwanza ambayo hakuna aliyejua kama mbwa anaishi au anakufa, Papa alikuwa akiamka kabla yetu, anapasha uji, anashuka nao bandani. Kabla daktari hajaja alikuwa anausukuma kwa fimbo na kukaa palepale akimsemesha. Baadaye alikaa naye kwa karibu mpaka saa ya kazi. Siku moja Maman alimfuata akamkuta analia, akarudi ndani bila kumwonyesha kwamba amemwona.

Nilimwendea Papa. Siku hizi ni mzee, na karakana ameiacha kwa wengine, lakini hupenda kukaa pale akipiga randa vipande visivyo na kazi. Nikamuuliza kwa nini hakutuonyesha, kwa nini alituacha tumwone kama mtu asiye na moyo.

Hakuacha kupiga randa. "Weye ulikuwa unalia," alisema. "Koko yako alikuwa analia. Na miye ningelia na nyiye, nani angeenda kumutafuta docteur?"

Nilikaa kando yake juu ya mbao, nikaegemeza kichwa begani mwake. Nilikuwa nimechelewa miaka mingi, lakini hakunisukuma.